Mikono ya Akilimali

Nyuma ya nyumba yao pale Seven Hills, kati ya kamba za kuanikia nguo na ua wa mabati wa jirani, Akilimali alikuwa ametundika wavu mzito uliofika mpaka chini. Mama yake, Kasoki, alikaa pembeni juu ya ndoo iliyogeuzwa, amejifunga kitenge juu ya sweta mbili, maana Julai ya Sydney haina mchezo. Mbele yake palikuwa na kapu la nguo lililojaa mipira ya besiboli. Alikuwa akichukua mmoja, anaurusha polepole kwa chini, na mwanawe anaupiga kwa gongo mpaka wavu unafutuka kama shuka penye upepo.

"Mama, usinitupie kwa huruma."

"Nakutupia kama mama yako. Ulitaka nikutupie kama nani?"

"Kama mtu anayenichukia."

"Basi kesho mwite Chebet wa kazini kwangu. Yule akitoka zamu ya usiku anachukia watu wote."

Akilimali akacheka, akapanga miguu yake upya. Alikuwa mtu mkubwa, akisimama mlangoni mwanga hauingii. Marehemu baba yake, Siméon, alikuwa mwembamba wa kupita kwenye ufa, na watu wa kanisani walizoea kumtania Kasoki wakimuuliza huyu alimlisha nini. Alimlisha ugali na maharage kama watoto wengine. Mwili ulikuja wenyewe, na yeye alimshukuru Mungu kwa kuwa ulikuja na roho ya upole.

Hiyo ndiyo kazi waliyokuwa nayo tangu mji ufungwe kwa ajili ya korona. Viwanja vimefungwa, vyumba vya mazoezi vimefungwa, wenzake kila mmoja kwao. Na mpigaji asiyepiga, Akilimali alimweleza, anaharibika kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Anakuja kugundua siku amesimama mbele ya mrushaji wa kweli na mpira umeshampita. Kwa hiyo Kasoki akitoka kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi, alinawa, akabadili nguo, akaenda kukaa kwenye ndoo. Bega lilimuuma, hakusema.

Besiboli yenyewe ilimpata Akilimali akiwa na miaka kumi na mmoja, si muda mrefu tangu watoke kambi ya wakimbizi Uganda. Shuleni walimpa kriketi kwanza. Wakamwambia apige mpira chini chini, yeye kila mpira aliupeleka juu. Mwalimu mmoja akasema huyu mtoto yuko kwenye mchezo usio wake, akampeleka kwenye uwanja wa besiboli wa Blacktown. Kule waliutaka mpira wa juu. Ukiupiga ukavuka ukuta wa mwisho, hakuna wa kukukimbiza. Unazunguka uwanja kwa mwendo wako na kurudi pale ulipoanzia, mahali wanapopaita nyumbani. Kasoki alipoelezwa hivyo alisema huo mchezo una akili, na toka siku hiyo hakuuliza tena kwa nini mtoto harudi mapema.

Alipofika miaka kumi na minane klabu moja ya Amerika ilimchukua. Siyo timu kubwa ile ya televisheni. Ni timu zao za chini, ambako vijana wanapandishwa ngazi kwa ngazi, na wengi wanaishia njiani. Siméon alikuwa hai bado. Asubuhi ya safari alimsimamisha mwanawe uani, akaomba kwa sauti, akachota maji kikombeni, akayashika kinywani kidogo, kisha akayapuliza kwenye viganja vya kijana, pfuu, upande mmoja na upande mwingine. Ndivyo walivyofanya watu wa ukoo wake mtoto anapotoka kwenda mbali: baba anamtemea maji ya baraka, na mtoto hafuti, anasubiri yakauke yenyewe. Kasoki, mtu wa kanisa toka utotoni, alipoolewa aliyaogopa maji yale. Alimuuliza mchungaji. Mchungaji akasema kama jina linaloitwa ni la Mungu, maji hayana kosa. Basi Siméon akawa anaomba kwanza, ndipo anapuliza.

Huko Amerika Akilimali aliishi kwenye miji midogo ambayo Kasoki hakuweza kuitamka. Walisafiri kwa basi mchana kutwa kwenda kucheza, wakalala nyumba za watu. Kila Jumapili alipiga simu. Kasoki hakuyajua mambo ya tarakimu zao, ila alijifunza kumsikiliza. Akisema "nimepiga moja," sauti ilikuwa na kicheko ndani. Akisema "tunaendelea vizuri," alijua mtoto amekosa mipira siku tatu, anarudi kukaa kichwa chini.

"Wapigaji wa namna yangu ni hivyo, Mama. Tunakosa, tunakosa, halafu moja inaenda."

"Na hao makocha wanavumilia hayo makosa yote?"

"Wananilipa kwa ajili ya hiyo moja."

Mwaka wa pili Siméon akafa, moyo, kazini. Akilimali alikuja kuzika. Alipokuwa anarudi, mdogo wake Siméon, Mirindi, akatoka Liverpool, mtaa wa kusini mwa Sydney hiyo hiyo anakoishi, akaja kusimama mahali pa kaka yake. Akaomba, akapuliza maji. Na mwaka ule, basi, kijana alipiga. Alipiga mpaka gazeti la mji mmoja likamwita Nyundo ya Sydney, mpaka watoto wakawa wanakwenda kusimama nje ya ukuta na glovu zao kungoja mipira yake iwaangukie. Akaambiwa imebaki ngazi moja, halafu nyingine, halafu ile ya juu kabisa.

Halafu ikaja ile Machi ya 2020. Aliitwa mapema, akaondoka kwa haraka, Mirindi yuko kazini, hakuna aliyempulizia maji. Hazikupita wiki nyingi kambi ya mazoezi ikafungwa, wachezaji wakarudishwa makwao, na mwezi Mei simu ikaja kwamba klabu imewaacha vijana wengi na yeye ni mmoja wao.

Mirindi aliyaweka mambo hayo mawili pamoja, hakuna aliyeweza kuyatenganisha.

"Shemeji, dunia nzima imefungwa," Kasoki alimwambia siku moja. "Siyo Akilimali peke yake."

"Baba wa dunia nzima simjui. Wa huyu tulinyonya ziwa moja."

Kasoki hakukubali, na hakukataa.

Akilimali akacheza ligi ya kiangazi ya hapahapa, ligi fupi, watazamaji wamekalishwa mbali mbali kama meno ya mzee. Huko alipiga mipira iliyoangukia kwenye maegesho ya magari. Mtu akapiga video, video ikasafiri, na katikati ya Julai ya mwaka uliofuata simu ikaja kutoka klabu nyingine ya Amerika. Mchezaji wao ameumia goti, nafasi iko wazi mpaka mwisho wa msimu. Afike kabla ya wiki ya pili ya Agosti. Asipofika, yule bwana alisema kwa adabu kabisa, watamchukua mwingine, kwa sababu wengine wapo.

"Nina miaka ishirini na mitatu, hakuna wa kuningoja," Akilimali alimweleza mama yake. "Wapo wa miaka kumi na tisa wanapiga kama mimi. Hii ndiyo ya mwisho."

"Usiseme ya mwisho."

"Nasema ilivyo, Mama."

Siku zile mtu hatoki Australia mpaka serikali imruhusu. Aliomba, akakataliwa. Akaomba tena, akaruhusiwa. Ikapatikana ndege ya Jumatatu. Kilichobaki ni kupimwa korona Jumamosi, cheti kitoke safi, apande.

Hapo Kasoki akaifunga nyumba yake. Mahitaji ya dukani yaliachwa getini. Kazini aliomba abaki kwenye kufua tu, asiingie vyumbani kwa wazee. Chebet, nesi Mkenya aliyekuwa akimpa lifti kwenda kazini, alikubali wafungue vioo vyote vya gari.

"Mama Aki, tutakufa baridi kabla hatujakufa korona," Chebet alisema, meno yakigongana.

"Mpaka Jumatatu tu, dada."

"Haya. Lakini huyo kijana akikuwa tajiri, aninunulie koti."

Maombi ya akina mama yalifanyika kwa simu. Walimwombea Akilimali kila mmoja kutoka kwake, sauti zikigongana, mmoja amesahau kuzima televisheni. Kasoki aliona yametosha. Mungu husikia hata kwa simu.

Mirindi hakuona yametosha. Alipiga Jumatano.

"Shemeji, nakuja kumwona mtoto."

"Huwezi kuja. Liverpool imefungwa, na sisi huku tumefungwa. Polisi wako barabarani."

"Mimi niko na ruhusa ya kazi."

"Ruhusa ya kwenda kazini, siyo ya kuja Seven Hills."

"Shemeji." Sauti ikatulia, na Kasoki aliijua ile sauti, ilikuwa ya Siméon kabisa. "Mara ya kwanza kaka alimtuma, akafika. Mara ya pili nilimtuma mimi, akapiga mpaka wazungu wakamwandika. Mara ya tatu akaenda bure, kama mtoto aliyeokotwa. Unataka aende hivyo tena?"

"Mwombee kwa simu."

"Maji hayapiti kwenye simu."

"Shemeji, nakusihi. Ni siku chache."

"Nimekusikia," alisema Mirindi, na Kasoki akadhani amekubali.

Alhamisi alasiri Kasoki alikuwa anaanua nguo alipoliona gari likisimama. Mirindi akashuka amevaa fulana yake ya njano ya ghala la nyama, ile inayong'aa, ili akisimamishwa aonekane anakwenda kazini. Barakoa usoni, ameifunga vizuri. Hakuingia. Alisimama nje ya geti, mikono nyuma.

"Shemeji, sikuja kukaa," alisema. "Sitavuka geti lako. Nimeheshimu."

Kasoki akasimama na kapu la nguo kiunoni. Alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayegonga mlango, siyo mtu atakayesimama barabarani kwenye baridi kwa adabu namna ile. Ndugu wa mume wako, mkubwa wa ukoo uliobaki katika nchi hii, mkewe bado anangoja viza huko Bukavu, hana pengine pa kwenda, na wewe unamwacha nje ya geti kama mchuuzi wa mlango kwa mlango. Aibu ilimpanda shingoni.

Akilimali alikuwa ameshatoka. "Baba mdogo," akasema, na akainama kidogo kama alivyofundishwa.

"Nyundo," alisema Mirindi. "Umenenepa. Mama yako anakupikia wewe peke yako, au chakula cha majirani wote unakila wewe?"

"Ni misuli, Baba mdogo."

"Misuli na mihogo vinafanana kwa mbali."

Walicheka wote watatu. Mirindi akatoa mfukoni chupa ndogo ya maji. Kasoki akaiona. Mwili wake wote ulijua kinachofuata. Alitaka kusema: shemeji, omba, lakini maji uyamwage tu, umimine kwa mkono. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Ila unamwambiaje mtu wa namna ile kwamba mate yake ya baraka sasa ni uchafu? Kwa kinywa gani? Siméon angekuwepo, angeweza kumwambia. Yeye alikuwa mke wa nyumba ile, hakuwa mwana wa nyumba ile.

Akamtazama Akilimali, kwamba labda yeye atarudi nyuma hatua moja. Akilimali alikuwa ameshanyoosha mikono juu ya geti, viganja wazi. Ile mikono yenye sugu za gongo. Macho yake yalikuwa ya mtoto wa miaka kumi na minane anayeondoka kwa baba yake.

Mirindi akashusha barakoa. Akaomba kwa Kiswahili, akaita jina la Bwana, akaita na jina la Siméon. Akanywa, akashika maji kinywani, akapuliza. Pfuu. Na upande wa pili. Pfuu. Matone mengine yakamrukia kijana kifuani na kidevuni.

"Uende. Upige. Urudi," alisema, akapandisha barakoa yake, akaingia ndani ya gari.

Akilimali akabaki amenyoosha mikono mbele, anangoja ikauke. Kasoki akataka kumwambia aende kunawa kwa sabuni. Hakumwambia. Alijiambia ni nje, kuna upepo, na mtu yule anatoka kuomba. Alijiambia hivyo usiku kucha.

Jumamosi Akilimali akapimwa. Jumapili asubuhi cheti kikatoka: hana. Kasoki akapiga magoti pale pale jikoni, sufuria mkononi. Sanduku likafungwa. Magongo mawili yakafungwa kwa taulo.

Walipomaliza ibada ya kwenye simu, Mirindi akapiga. Alikuwa anakohoa. Simu ilikuwa juu ya meza, sauti imefunguliwa, na Akilimali alikuwa anakula.

"Shemeji, pale ghalani wametupima wote tangu Ijumaa. Mimi ninayo."

Kasoki akaisogeza simu karibu.

"Pole, shemeji. Unaumwa sana?"

"Kifua kidogo. Sikiliza. Wamenipigia hao watu wa afya. Wananiuliza, ulikuwa wapi, ulionana na nani. Nikasema kazi na nyumba, kazi na nyumba. Kwako sikupataja. Umesikia? Sikukutaja hata kidogo. Wewe mpeleke mtoto."

"Shemeji..."

"Mtoto aende," alisema Mirindi, na kikohozi kikamchukua, simu ikakatika.

Akilimali aliweka kijiko chini. Hawakutazamana. Mtu aliyekutana na mgonjwa alitakiwa kukaa ndani wiki mbili. Hilo kila nyumba ililijua, lilitangazwa kila siku saa tano asubuhi. Wiki mbili zikipita, nafasi kule imekwisha.

"Cheti changu ni safi," alisema Akilimali.

"Ndiyo."

"Labda sina. Labda hainishiki."

"Labda."

"Nikivaa barakoa njia nzima. Nisile kwenye ndege. Nisiongee na mtu."

Kasoki alikuwa anawaza ndege, na alikuwa anawaza mashuka. Kesho alfajiri anatakiwa kazini. Kuna bibi mmoja kule kila akipita na kikapu cha nguo anamshika mkono na kumwita Margaret, na yeye anaitika. Akienda kesho, amwambie bibi yule nini? Asipokwenda, amwambie Chebet nini? Kijana hawezi kusafiri bila mama yake kusema uongo mahali, na yeye alitafuta mahali ambapo uongo huo ungekaa bila kumdhuru mtu, asipaone. Akaomba kimya kimya. Hakuomba wingu wala ishara. Aliomba mtu mwingine yeyote aje kulichukua lile jambo mikononi mwake.

Jioni Chebet akapiga, kama kawaida ya kila Jumapili.

"Mama Aki, kesho nikupitie saa kumi na moja, ama?"

Kasoki akafungua kinywa. Kusema ndiyo kulikuwa kumpakia Chebet ugonjwa ndani ya gari, na Chebet ana watoto wawili wadogo. Kusema naumwa ulikuwa uongo wa kwanza, na wa pili ungefuata. Kusema kweli kulikuwa kumtoa mwanawe kwenye ndege kwa mkono wake mwenyewe. Alisimama katikati ya jiko, simu sikioni, hakuna neno lililotoka.

"Hello? Mama Aki? Unanisikia?"

Akilimali alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mama yake, jinsi midomo ilivyokuwa ikienda bila sauti. Kisha akaja, akaitoa simu mkononi mwake taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Aunty Chebet, ni mimi. Mama hatakuja kesho. Baba mdogo alikuja hapa Alhamisi. Ana korona. Alikuwa karibu nami bila barakoa. Ndiyo. Hapana, siondoki."

Chebet alisikika akifunga mlango upande ule.

"Woi, Aki," alisema mwishowe. "Woi, mtoto wa wenyewe."

Watu wa afya walipiga saa ile ile walipoarifiwa. Walikuwa wapole. Kumbe huo ndio ulikuwa ugumu wake: kila mtu alikuwa mpole. Bwana wa Amerika naye alikuwa mpole. Alisema anaelewa, ni mwaka mbaya kwa wote, watakuwa na jina lake. Ndege ya Jumatatu ikaondoka. Kasoki hakuisikia, ila alijua saa yake, na saa hiyo alijifungia bafuni akafungulia maji.

Siku chache baadaye Akilimali akapimwa tena, na safari hii alikuwa nayo. Alikaa chumbani kwake, haonji chakula, kitanda kifupi kuliko miguu yake. Kasoki alimwekea sahani mlangoni na kurudi nyuma. Yeye haikumpata. Alijiuliza kwa nini, akaogopa jibu lolote.

Kijana hakulalamika. Afadhali angelalamika. Alitoka chumbani homa ilipokwisha, akakaa sebuleni na barakoa, dirisha wazi, mbali naye, akitazama kwenye simu michezo ya timu ile. Aliyechukua nafasi yake alikuwa mtoto wa Texas, wa miaka ishirini.

"Anapiga?" Kasoki aliuliza.

"Anapiga, Mama."

Sauti haikuwa na kinyongo. Haikuwa na kitu chochote.

Mirindi alikuwa ameshapelekwa hospitali. Kifua kidogo kilikuwa kimekuwa kikubwa. Nesi alimpigia Kasoki kila siku kwa muda mfupi, kwa kuwa jina lake ndilo alilolitaja kama ndugu, na kila siku neno lilikuwa moja: yuko vilevile. Hakuna wa kwenda kumwona. Kasoki alikuwa amepika mchuzi wa samaki anaoupenda, akautazama jikoni, akaugandisha.

Jumatano moja asubuhi simu ikalia, nesi akasema mgonjwa leo ana nguvu kidogo, anataka kuongea kabla daktari hajaja. Wanafikiria kumlaza kwa dawa ili mashine impumulie. Ataweka simu mbele yake. Picha ikafunguka: Mirindi na kitu cha plastiki puani, ndevu zimetoka nyeupe, macho yamekuwa makubwa.

"Shemeji," alisema. Kila neno lilikuwa na pumzi yake. "Mtoto. Alifika?"

Kasoki akatazama upande wa pili wa sebule. Akilimali alikuwa ameinuka kwenye kiti. Mirindi hakujua. Hakuna aliyekuwa amemwambia, maana tangu ile Jumapili hakuwa na pumzi ya kuuliza, na yeye alikuwa amelificha jina lao kwa watu wa afya akiamini amemfungulia kijana mlango.

"Shemeji," alisema Kasoki, na ikawa kama siku ile ya Chebet. Kinywa wazi, hakuna neno.

Akilimali akaketi kando ya simu, mahali picha haimfikii.

"Baba mdogo. Ni Akilimali. Mama ameniunganisha."

Uso wa Mirindi ukabadilika. Ulikunjuka, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Umefika?"

"Nimefika, Baba mdogo."

"Unapiga?"

"Jana nilipiga mbili. Moja ilivuka mpaka nje kwenye barabara."

Mirindi akafumba macho. Machozi yakamshuka kuelekea masikioni, na alikuwa anacheka, au anatafuta pumzi, Kasoki hakuweza kutambua. Nesi akamfuta.

"Nilimwambia mama yako," alisema. "Nilimwambia." Akapumzika. "Huko ni saa ngapi?"

"Ni usiku, Baba mdogo. Huku ni usiku."

"Weka picha. Nikuone."

Jua la asubuhi lilikuwa limejaa sebuleni. Lilikuwa juu ya zulia, juu ya ukuta, juu ya mabega ya Akilimali, jua la Seven Hills ambalo Mirindi alilijua vizuri. Akilimali akamtazama mama yake. Hakuwa anaomba kitu. Alikuwa amefika mwisho tu.

Kasoki akasimama. Alikwenda dirishani, akavuta pazia la upande huu, akavuta na la upande ule. Hayakukutana katikati; hayajawahi kukutana. Akaushika ule ufa kwa mikono miwili, akaubana, akaegemeza paji la uso kwenye kitambaa. Nyuma yake alimsikia mwanawe akisema, "Unaniona sasa?" na Mirindi, kutoka mbali, akisema nakuona, nakuona, mwanangu, kumbe kwenu kweusi hivyo.